Beki anayepandisha timu, kiti anakalia mwingine: somo la Fred Minziro

Novemba 2025, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Fainali za Mataifa ya Afrika, AFCON, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, liliachana na kocha wa Taifa Stars, Hemed Suleiman, yule ambaye wengi wetu tunamwita Morocco. Timu akakabidhiwa Muargentina Miguel Gamondi kama kaimu kocha.

Hemed ndiye aliyeifikisha Stars kwenye fainali hizo. Ni yeye aliyekuwa kwenye benchi Novemba 2024 pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, Simon Msuva alipoifunga Guinea bao pekee na nchi nzima ikalala usingizi mtamu. Ni yeye pia aliyeifikisha Stars robo fainali ya CHAN Agosti 2025, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Gamondi akaenda na timu, na kwa mara ya kwanza Tanzania ikavuka hatua ya makundi ya AFCON. Ilitolewa na wenyeji, nchi ya Morocco, kwa bao 1-0 Januari 4, 2026. Kwa hiyo aliyefanya mabadiliko anaweza kusema: mmeona, imelipa.

Lakini swali linabaki, na wasikilizaji wetu wamekuwa wakiliuliza kwa namna mbalimbali. Kwa nini kocha mzawa akishaifikisha timu mlangoni, anayeingia ndani ni mwingine? Kulijibu swali hili tusianzie Taifa Stars. Tuanzie chini, kwenye timu za halmashauri, kwa mtu mmoja ambaye maisha yake ya ukocha ni somo zima: beki wa zamani wa Yanga, Fred Felix Minziro.

Minziro ni nani?

Kwa vijana wanaofuatilia mpira kupitia simu, Minziro ni yule kocha mtu mzima anayeonekana kwenye benchi la timu za mikoani. Kwa wazee wetu, Minziro ni beki. Alicheza Yanga katika miaka ya 1980 na akaitumikia pia timu ya taifa. Wakati huo mpira ulikuwa unasikilizwa redioni kuliko kutazamwa, na beki alikuwa anatajwa mara mbili tu: anapookoa hatari au anapofanya kosa.

Alipotundika daluga aliingia kwenye ukocha, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 alikuwa kocha msaidizi Yanga, akiwa chini ya makocha wa kigeni, akiwemo Mholanzi Ernie Brandts. Yanga ilichukua ubingwa msimu wa 2012/13 Brandts akiwa kocha mkuu na Minziro akiwa msaidizi wake.

Hapo tayari picha inaanza kuonekana. Mzawa ni msaidizi. Anawajua wachezaji, anajua lugha yao, anajua nani kafiwa na nani ana mgogoro na viongozi. Mgeni ndiye anayesimama mbele ya kamera.

Lakini jina la Minziro kama kocha mkuu halikujengwa Yanga. Lilijengwa kwenye ligi ya chini, ile iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza na sasa inaitwa Championship. Huko hakuna watazamaji wengi. Safari ni ndefu, viwanja vingine vina vumbi kavu kiangazi na tope masika, na timu inacheza ugenini ikijua kwamba pointi moja ni mali.

Mara tatu amefungua mlango

Mwaka 2017 Singida United ilipanda Ligi Kuu chini ya Minziro. Timu ilipopanda tu, benchi likapewa Mholanzi Hans van der Pluijm, kocha aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo. Pluijm hakufanya vibaya hata kidogo. Msimu wake wa kwanza aliifikisha Singida fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF pale Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Ila ngazi aliyopandia ilikuwa imekwisha kuwekwa na mwingine.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya KMC. Kwa msikilizaji aliye mbali na Dar es Salaam, KMC ni timu ya Manispaa ya Kinondoni. Kwa hiyo si ya tajiri mmoja wala ya kampuni. Ni ya manispaa ambayo ndani yake kuna Mwananyamala, Tandale, Kawe, Mwenge, mpaka Bunju kule mwisho. Minziro aliipandisha. Ligi Kuu ilipoanza, kocha mkuu alikuwa Mrundi Etienne Ndayiragije. Naye alifanya kazi nzuri: KMC ilimaliza nafasi ya nne na kwenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Baada ya hapo Ndayiragije alichukuliwa na Azam, kisha Taifa Stars.

Mwaka 2021 ikaja Geita Gold, timu nyingine ya halmashauri, safari hii ya Mji wa Geita. Minziro akaipandisha. Msimu wa Ligi Kuu ulipoanza, kiti cha kocha mkuu kikapewa nani? Ndayiragije yule yule.

Safari hii mambo hayakwenda. Geita ilianza vibaya, kibarua cha Ndayiragije kikaota nyasi mapema, na timu ikarudishwa mikononi mwa Minziro. Msimu ulipokwisha, Geita Gold ilikuwa nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam peke yake. Ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikiwa kwenye msimu wake wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu. Mshambuliaji wake, George Mpole, alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga.

Hapo tuongeze sauti kidogo. Tunaambiwa makocha waliokuwa mabeki wanafundisha kujilinda tu, kupaki basi. Timu ya beki huyu ndiyo iliyotoa mfungaji bora wa nchi, mbele ya mshambuliaji wa timu iliyochukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Pamba: shati lile lile kwa mtu mwingine

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Minziro peke yake, labda ana tatizo na viongozi. Tuangalie Mwanza.

Mwaka 2024 Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyeirudisha ni mzawa mwingine, Mbwana Makata, ambaye naye sifa yake kubwa ni kupandisha timu. Timu ilipofika juu, benchi likapewa Mserbia Goran Kopunovic, aliyewahi kuifundisha Simba. Ushindi ukawa adimu. Kufika Oktoba 2024 Kopunovic alikuwa ameshaondoka.

Na aliyeitwa kuzima moto? Fred Minziro. Pamba ikabaki Ligi Kuu. Msimu wa 2025/26 ulipoanza, kocha mkuu alikuwa Mkenya Francis Baraza.

Ukiziweka timu hizi nne kwenye mstari mmoja utaona kwamba jambo hili lina mtindo wake. Ni kama shamba: kuna mtu wa kufyeka pori, kung'oa visiki na kupanda, halafu mvua ikinyesha vizuri na mahindi yakianza kubeba, anaambiwa asante, sasa tumepata bwana shamba. Mahindi yakishambuliwa na viwavi, aliyeng'oa visiki anaitwa tena usiku.

Kwa nini mabeki wengi huwa makocha?

Minziro si beki pekee aliyeshika njia hii. Mecky Maxime, nahodha wa zamani wa Taifa Stars na beki wa ile Mtibwa Sugar iliyochukua ubingwa mwaka 1999 na 2000, amekuwa kocha wa Mtibwa, kisha Kagera Sugar kwa miaka kadhaa, na timu nyingine baada ya hapo. Shadrack Nsajigwa, beki wa kulia na nahodha wa Yanga na Stars, alikuwa kocha msaidizi Yanga. Nadir Haroub 'Cannavaro', beki wa kati na nahodha pia, alipostaafu mwaka 2018 alifanywa meneja wa timu hiyo hiyo. Tukirudi nyuma zaidi, Leodegar Tenga, beki wa kikosi kilichokwenda AFCON ya mwaka 1980 Nigeria, hakuwa kocha maarufu lakini aliiongoza TFF kama rais kuanzia 2004 hadi 2013.

Sababu yake si ngumu. Mshambuliaji anacheza akiwa amelipa mgongo goli lake mwenyewe. Beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake kama mtu aliyekaa barazani anautazama mtaa. Anaona winga asiyerudi kukaba, anaona kiungo aliyechoka, anaona nafasi iliyoachwa wazi kabla mpinzani hajaiona. Na kwa sababu hawezi kuziba mashimo yote peke yake, lazima apige kelele: rudi, sogea, mshike huyo, toka nje. Kupanga watu kwa mdomo wakati mambo yanaendelea ndiyo kazi yenyewe ya kocha.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu tabia. Beki anazoea kufanya kazi isiyopigiwa makofi. Akifanya vizuri dakika 89, hakuna anayemkumbuka. Akikosea dakika ya 90, jina lake linaimbwa nchi nzima. Kocha wa timu ndogo anaishi maisha hayo hayo.

Barani Afrika ushahidi upo. Stephen Keshi alikuwa beki na nahodha wa Nigeria iliyochukua AFCON mwaka 1994, kisha akaichukua tena kama kocha mwaka 2013. Walid Regragui alikuwa beki wa kulia wa Morocco, na ndiye kocha aliyeifikisha nchi hiyo nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, hatua ambayo hakuna timu ya Afrika iliyowahi kuifikia kabla.

Na hawa wawili wanatufundisha jambo jingine. Mwaka 2005 Keshi aliifikisha Togo kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kabla ya fainali za 2006 akaondolewa, akaletwa Mjerumani Otto Pfister. Togo ilipoteza mechi zote tatu. Kwa Regragui ilikuwa kinyume: Morocco ilifuzu chini ya kocha wa kigeni, Vahid Halilhodžić, kisha miezi mitatu kabla ya fainali viongozi wakamwamini mzawa. Tunajua kilichotokea Qatar.

Mfano mmoja haufanyi sheria. Lakini ukweli ni kwamba kumwondoa mzawa dakika za mwisho hakuna dhamana ya mafanikio, na kumwamini si kujitia kitanzi.

Neno dogo linaloitwa "kaimu"

Kuna neno moja linalowafuata makocha wetu kama kivuli: kaimu. Ukiwa kaimu unafanya kazi yote ya kocha mkuu, lawama zote ni zako, lakini mkataba ni wa mwingine ambaye bado hajafika uwanja wa ndege.

Chukua mfano wa Juma Mgunda. Huyu hakuwa beki, alikuwa mshambuliaji wa Coastal Union ya Tanga. Septemba 2022 Simba iliachana na Mserbia Zoran Maki, ikamwita Mgunda akaimu. Mgunda akaitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaenda Luanda akaifunga Primeiro de Agosto mabao 3-1, akaishinda tena hapa nyumbani, Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaletwa Mbrazili Roberto Oliveira, 'Robertinho', na Mgunda akarudi pembeni. Aprili 2024 Abdelhak Benchikha alipoondoka, nani akaitwa kukaimu? Mgunda.

Kule Chamazi, upande wa Mbagala, Azam nayo ilimwondoa Mfaransa Denis Lavagne mwaka 2022 na timu ikashikwa na Kally Ongala, mchezaji wake wa zamani. Baadaye akaja Msenegali Youssouph Dabo.

Tazama sasa ya Hemed Suleiman. Januari 2024 kule Ivory Coast, Stars ilifungwa na Morocco 3-0 chini ya kocha Adel Amrouche. Amrouche akafungiwa na CAF kwa maneno aliyoyasema kuhusu nchi ya Morocco, na Hemed akapewa timu katikati ya mashindano. Akatoka sare 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na Kongo. Pointi mbili katika mechi mbili, Stars ikatolewa ikiwa mkiani mwa kundi.

Katika AFCON ya 2025, Gamondi alifungwa na Nigeria 2-1, akatoka sare 1-1 na Uganda na 1-1 na Tunisia. Pointi mbili katika mechi tatu, Stars ikavuka kama mmoja wa washindwa bora waliomaliza nafasi ya tatu.

Simsemi vibaya Gamondi. Alikaa na timu kwa muda mfupi mno, kundi lilikuwa gumu, na kuvuka ni kuvuka. Ninachosema ni kwamba tukiweka hisabati mezani, pointi ni zile zile mbili. Kuna mmoja tumempa jina la aliyevunja rekodi na mwingine la aliyeondolewa. Hadi leo Tanzania haijashinda mechi hata moja ya fainali za AFCON, si chini ya mzawa wala chini ya mgeni.

Suala la leseni

Haki ituongoze pande zote. Viongozi wa klabu wana hoja ambayo haiwezi kupuuzwa, nayo ni karatasi.

Ukocha Afrika una madaraja ya leseni yanayotolewa chini ya CAF. Yanaanzia D, halafu C, kisha B, kisha A, na juu kabisa kuna Pro. Leseni D ni ya mtu anayeanza, tuseme anayefundisha watoto wa mtaani au shuleni. Kadiri timu inavyocheza ligi ya juu, ndivyo kocha anavyotakiwa kuwa na leseni ya juu. Kwenye mashindano ya klabu Afrika, CAF imekaza masharti: asiye na leseni inayotakiwa hawezi kutambuliwa kama kocha mkuu, hata kama wachezaji wote wanamwita mwalimu.

Na sheria hii haichagui rangi. Septemba 2021 Simba ilijikuta matatani kwa sababu kocha wake Mfaransa, Didier Gomes, hakukidhi masharti hayo, ikabidi klabu imwongeze Mnyarwanda Thierry Hitimana kwenye benchi. Oktoba mwaka huo Gomes akaondoka baada ya Simba kutolewa na Jwaneng Galaxy ya Botswana.

Kwa hiyo wachezaji wetu wa zamani wanaodhani jina walilolijenga uwanjani linatosha, halitoshi. Kusoma ni lazima. Lakini kozi zina ada, zinahitaji muda, na nafasi huwa chache. Mtu anayelipwa na timu ya Championship, ambako mishahara kuchelewa si habari mpya, atatoa wapi ada na nauli ya kukaa darasani wiki kadhaa? Hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Hana leseni kwa sababu hana timu kubwa, na hana timu kubwa kwa sababu hana leseni.

Hoja ya wanaotaka wageni

Tusijidanganye pia kwamba wageni hawajatusaidia. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 chini ya Nasreddine Nabi wa Tunisia. Simba ilifika fainali hiyo hiyo mwaka 2025 chini ya Fadlu Davids wa Afrika Kusini. Hawa wamekuja na mbinu, mazoezi ya kisasa na uzoefu wa mashindano makubwa, na wasaidizi wetu wamejifunza kwao.

Kuna na sababu nyingine ambayo viongozi huitaja pembeni. Mgeni hana shemeji kwenye kamati ya usajili, hana mtaa anaotoka, na hasemwi kwamba ni mtu wa Simba au wa Yanga. Mzawa akimweka benchi mchezaji kipenzi, jioni simu inaita. Ni hoja yenye ukweli ndani yake. Lakini hiyo ni kasoro ya viongozi wanaopiga simu, si ya kocha anayepigiwa.

Na wageni si wote ni Nabi. Wapo waliokuja na begi na wakaondoka na fidia.

Jambo hili linatuhusu nini sisi wa kijijini?

Pengine uko Kilosa, Nachingwea au Sengerema, unasema hayo ni ya watu wa Dar. Ngoja kwanza.

KMC ni ya manispaa. Geita Gold ni ya halmashauri. Pamba ni ya jiji. Yaani ni timu za umma, zinazobebwa na mamlaka zinazokusanya ushuru wa soko, leseni za biashara na tozo nyingine. Mama anayeuza samaki Mwananyamala na kijana mwenye genge Tandale wana haki ya kuuliza: timu yetu ikipanda, kwa nini jambo la kwanza ni kumbadilisha aliyeipandisha? Nani aliamua, kwa vigezo gani, na mkataba mpya unagharimu kiasi gani ukivunjwa? Mwaka 2025 KMC ilimrudisha nchini Mbrazili Marcio Maximo, aliyeifundisha Stars kuanzia 2006. Inawezekana kabisa kulikuwa na sababu nzuri. Mwenye timu, yaani mwananchi, anastahili kuzisikia.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Katika kila kata kuna mwalimu wa mpira. Ni yule anayenunua mpira kwa fedha yake, anayewafuata watoto nyumbani kuwaombea ruhusa, anayechora mistari ya uwanja kwa majivu. Temeke wapo, Kinondoni wapo, na kwenu wapo. Mtoto akionekana na timu kubwa, mara nyingi mwalimu huyo anapata habari redioni kama sisi wengine. Kinachomtokea Minziro kwenye Ligi Kuu ndicho kinachomtokea yeye kwenye kata. Tofauti ni kwamba Minziro tunamjua jina.

Nini kifanyike?

Hakuna anayeomba mzawa apendelewe. Kinachoombwa ni utaratibu ulio wazi, na mambo manne yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, mkataba. Kocha anayechukua timu ya Championship aandikiwe kabisa: ukiipandisha, unapata walau nusu msimu wa Ligi Kuu kabla ya kupimwa. Minziro alipopata muda Geita, tuliona alichokifanya.

Pili, leseni. Klabu inayomlipia mgeni tiketi ya ndege na nyumba inaweza kumlipia msaidizi wake mzawa ada ya kozi. Kwa timu za halmashauri hili liingie kwenye bajeti na lisomwe kwenye vikao vya madiwani.

Tatu, ukaimu uwe na mwisho. Mtu akikaimu miezi mitatu na matokeo yakawa mazuri, aambiwe wazi: timu ni yako, au si yako kwa sababu hii na hii.

Nne ni sisi mashabiki. Mgeni akifungwa mechi tatu tunasema apewe muda, anajenga timu. Mzawa akifungwa mechi mbili tunasema tulijua tu. Viongozi wanasikiliza kelele zetu kuliko tunavyodhani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Fred Minziro amecheza kwao, akafundisha kwao, akapandisha timu tatu na kuiokoa nyingine, na kila mara ameondoka bila kupiga kelele, kama beki aliyeokoa mpira kwenye mstari wa goli na kurudi nafasini kwake kusubiri shambulio jingine. Msimu ujao kuna timu nyingine itapanda kutoka Championship. Ikipanda, tumtazame kocha wake, tulishike jina lake, na siku ligi itakapoanza tuulize yuko wapi.